Damu Kupanda Kichwani: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

"Ukianza kuoga kwa kichwa, mishipa ya ubongo inapasuka"

Ujumbe huu umezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, na kawaida huletwa na mtu anayekutakia mema: shangazi, mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha kina mama. Unakuagiza uanze kujimwagia maji miguuni, upande taratibu, kichwa kiwe cha mwisho. Ukikiuka, kiharusi kitakukuta bafuni. Mwishoni kuna profesa wa ng'ambo asiye na jina, na amri ya kuwatumia wengine.

Ni uongo. Ngozi ya kichwa na ubongo havinywi kwenye bomba moja. Kila upande wa shingo una ateri ya karotidi, na karibu na usawa wa kikoromeo ateri hiyo inagawanyika mara mbili. Tawi la nje linalisha uso na ngozi ya kichwa. Tawi la ndani linapanda hadi ndani ya fuvu bila kutoa tawi lolote shingoni. Maji ya baridi hubana mishipa ya ngozi, na presha inaweza kupanda kidogo kwa muda mfupi, uwe umeanza na utosi au na kidole gumba cha mguu.

Mbona basi watu huanguka bafuni? Viharusi hutokea zaidi saa za asubuhi, presha inapopanda mtu anapoamka, na saa hizo ndizo watu wengi wanaingia bafuni na chooni. Bafu limekutwa kwenye eneo la tukio, likahukumiwa.

"Ubongo unalishwa na mshipa mmoja mkubwa wa shingoni"

Si mmoja, ni minne. Karotidi mbili za ndani zinapita mbele ya shingo. Nyuma yake kuna ateri mbili za uti, ambazo huchipuka kwenye ateri kubwa zilizo chini ya mitulinga, kisha zikapenya matundu ya pingili za shingo, kwa kawaida kuanzia ya sita kwenda juu. Zikishaingia fuvuni huungana kuwa ateri moja inayolala juu ya shina la ubongo, sehemu inayoendesha pumzi, macho na mizani ya mwili.

Ubongo una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili, lakini hupokea takriban mililita 750 za damu kila dakika, karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Hauna ghala la kuhifadhi chakula chake. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu kwa takriban sekunde kumi.

"Mishipa ya ubongo wa kila mtu ni kama ilivyochorwa kitabuni"

Uongo, na huu una historia ndefu kuliko WhatsApp.

Galen, tabibu wa karne ya 2 katika dola ya Rumi, alifundisha kwamba chini ya ubongo wa binadamu kuna wavu wa ajabu wa ateri ndogondogo. Wavu huo upo kweli, ila ni wa kondoo, mbuzi na ng'ombe, wanyama aliowapasua. Binadamu hana. Vitabu viliendelea kumpa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Andreas Vesalius mwenyewe aliuchora kwenye michoro yake ya mwaka 1538, akaukana katika kitabu chake kikubwa cha 1543. Mbuzi wa pilau anao wavu huo, na unamsaidia: damu ya moto inayopanda kichwani hupita karibu na damu iliyopoa kutoka puani, joto likapungua kabla ya kufika kwenye ubongo. Swala nao wanao.

Mwaka 1664 Thomas Willis wa Oxford alichapisha kitabu cha ubongo kilichokuwa na michoro ya Christopher Wren, huyu huyu aliyekuja kujenga kanisa kuu la St Paul's mjini London. Humo ndimo duara la ateri lililo chini ya ubongo lilipochorwa vizuri na, muhimu zaidi, likapewa kazi. Wengine walikuwa wameliona kabla yake. Willis na wenzake waliingiza rangi kwenye karotidi ya upande mmoja, ikatokea upande wa pili. Alieleza pia habari za marehemu ambaye karotidi yake ya kulia ilikuwa imeziba kabisa, lakini hakuwahi kupooza. Ateri ya uti ya upande huo huo ilikuwa imenenepa mara tatu ya kawaida. Njia moja ilipofungwa, nyingine ilibeba mzigo.

Duara hilo linaitwa la Willis hadi leo. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba duara kamili, kama lilivyo kitabuni, hupatikana kwa chini ya nusu ya watu. Mmoja ana kiungo chembamba kama uzi, mwingine hana kabisa upande mmoja, na wote wanaishi, wanalima, wanacheza mpira. Tofauti huonekana siku ya balaa. Watu wawili wanazibwa karotidi ya upande ule ule. Mmoja hajui kama imeziba, mwenzake anapooza nusu ya mwili. Jirani atasema wa pili alikosea mila. Aliyekosea ni duara lake, na alizaliwa nalo.

"Kupooza upande mmoja ni kupigwa na jini"

Kama ni jini, basi ni jini lililosoma anatomia. Ateri ya kati ya ubongo, tawi kubwa la karotidi ya ndani, inalisha eneo la uso na mkono, na kwa watu wengi upande wa kushoto inalisha pia eneo la maneno. Ikiziba ile ya kushoto, mdomo na mkono wa kulia vinalegea kuliko mguu, na usemi unapotea. Ateri ya mbele ikiziba, mguu ndio unaoathirika zaidi. Ateri za nyuma zikiziba, mgonjwa anaona vitu viwili viwili, anayumba kama mlevi, anatapika, au macho mazima yanashindwa kuona kwa sababu sehemu ya ubongo ya kuona imekosa damu. Daktari mzoefu humtazama mgonjwa kitandani akabashiri ni mshipa gani kabla ya picha yoyote kupigwa.

Wanaodhani haya ni magonjwa ya Ulaya wanajidanganya. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta Dar es Salaam ina kiwango cha viharusi cha juu kuliko nchi nyingi tajiri. Sababu kuu ni presha, na presha haina haja ya kukuumiza kichwa ili ikudhuru. Inaharibu kimyakimya vijiateri vyembamba vinavyochimba kwenda katikati ya ubongo. Hivyo ndivyo vinavyopasuka. "Sijisikii chochote" si kipimo. Kipimo ni kile kitambaa kinachofungwa mkononi.

"Kunyongwa shingo kwa kinyozi ni starehe tu"

Mara nyingi ni starehe tu. Wengi wananyongwa, shingo inalia ko, wanalipa, wanaondoka. Lakini kumbuka ateri za uti zinakopita: ndani ya matundu ya mifupa. Pale juu, kwenye pingili ya kwanza na ya pili, zinapinda ili ziweze kufuata mzunguko wa kichwa. Kichwa kikisokotwa ghafla, utando wa ndani wa ateri unaweza kuchanika. Damu huingia kati ya kuta zake, njia ikasinyaa, bonge likajitengeneza, na kipande chake kikarushwa hadi kwenye ubongo. Hutokea mara chache sana, ila humtokea hata kijana mwenye afya, na madaktari wameliandika jambo hili. Maumivu mapya ya shingo au kisogo baada ya kunyongwa, yakifuatana na kizunguzungu, kuona viwili viwili au kuyumba, yanahitaji hospitali, si massage nyingine. Mimi huwaambia wanaonihudumia waishie mabegani.

"Malaria imempanda kichwani"

Hapa mtaa umekaribia ukweli kuliko unavyojua, ingawa picha waliyo nayo watu wengi si sahihi.

Wengi hudhani vijidudu vimepanda, vikaingia kwenye ubongo na kuanza kuutafuna. Havifanyi hivyo. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria hatari zaidi, huishi ndani ya seli nyekundu za damu, na hata katika malaria ya ubongo hubaki ndani ya mishipa. Kinachotokea ni hiki: seli iliyoambukizwa huota vinundu vidogo juu yake, na juu ya vinundu hivyo kimelea hutandaza protini inayonata kwenye ukuta wa kapilari. Kimelea kina sababu ya kunata. Seli inayozunguka itapita kwenye wengu, na wengu huziona seli mbovu na kuziondoa. Iliyojibanza ukutani inaponea.

Kwa hiyo damu ya ncha ya kidole inaweza kuonyesha vimelea vichache huku kapilari na vena ndogo za ubongo zikiwa zimejaa. Njia inakuwa nyembamba, kuta zinavuja, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Huko Blantyre, Malawi, mashine ya MRI ilitumika kuchunguza watoto wenye malaria ya ubongo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa. Wengi wa waliopona hawakuwa nao, au ulipungua haraka.

Kuna dirisha moja la kutazama hali hiyo bila mashine ya bei kubwa, nalo ni jicho. Mishipa ya retina ni ndugu wa damu wa mishipa ya ubongo. Daktari akitazama nyuma ya jicho huona mishipa iliyobadilika rangi, mabaka meupe, na madoa ya damu yenye kitovu cheupe. Ni muhimu kwa sababu si kila mtoto aliyezimia akiwa na vimelea anaumwa malaria ya ubongo. Uchunguzi wa maiti uliofanywa huko huko Malawi na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba karibu robo ya watoto waliodhaniwa kufa kwa ugonjwa huo walikuwa wameuawa na kitu kingine.

Na degedege? Pwani bado wapo wanaosema ni ndege mbaya aliyepita juu ya paa usiku, na mtoto hupelekwa kufukizwa kabla ya kupelekwa zahanati. Degedege fupi la homa mara nyingi hupita lenyewe. Mtoto ambaye degedege limekwisha lakini haamki, huyo hana muda wa mafusho. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha watoto zaidi ya 5,000 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, lilionyesha kwamba sindano ya artesuneti inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Dawa ipo. Kinachoua mara nyingi ni usiku mmoja wa kusubiri.

"Aliyeanguka na bodaboda akaamka na kuongea, amenusurika"

Huu ndio uongo ninaoutaka ufe kwanza.

Mbele kidogo ya sikio, juu kidogo, mfupa wa fuvu ni mwembamba. Kwa ndani yake inapita ateri ambayo, cha kushangaza, haiulishi ubongo hata kidogo. Inalisha mfupa na ule utando mgumu unaoufunika ubongo. Ni tawi la karotidi ya nje lililoingia fuvuni kwa mlango wake wenyewe. Mfupa ukivunjika hapo, ateri huchanika na damu hujikusanya kati ya fuvu na utando. Kijana anazimia kidogo, anaamka, anajifuta vumbi, anagombana na dereva wa gari, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma vibaya, anatapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Wenzake wanasema mwacheni alale, amechoka. Akifunguliwa fuvu kwa wakati anaweza kupona kabisa, maana ubongo wenyewe mara nyingi haukuumia sana; ulikuwa unakandamizwa.

Kufungua fuvu si jambo lililoletwa na meli. Kwa Wagusii wa kusini magharibi mwa Kenya, omobari alikuwa mtaalamu wa kazi hiyo: alimpasua ngozi mtu aliyesumbuliwa na kichwa baada ya kupigwa, akakwangua mfupa uliovunjika, na utando mgumu akauacha salama. Madaktari wa kisasa waliwaona wakifanya kazi na wakaandika habari zao katika karne ya 20.

Kwa wazee hali ni tofauti, kwa sababu kwao zinazochanika ni vena. Kutoka juu ya ubongo kuna vena fupi zinazovuka hadi kwenye mfereji mkuu ulio katikati ya utosi. Ubongo ukisinyaa kwa uzee, vena hizo huvutika, na kugonga kichwa kidogo tu kwenye kizingiti kunaweza kuichana mojawapo. Damu huvuja polepole kwa wiki kadhaa. Babu anaanza kusahau, kuburuta mguu, kusinzia mchana, na familia inasema uzee umemfika. Pengine si uzee. CT scan itasema.

"Chunusi ya puani ukiitumbua unaweza kufa"

Nusu kweli. Vena za uso, hasa eneo kati ya daraja la pua na pembe za mdomo, zina njia ya kuungana, kupitia vena za jicho, na mfereji wa damu ulio nyuma ya jicho ndani ya fuvu. Kwa njia hiyo usaha wa jipu unaweza kufika ndani na kugandisha damu. Karotidi ya ndani nayo inapita katikati ya mfereji huo huo, ateri ndani ya vena, mpangilio usiopatikana kwingine mwilini. Kabla ya antibiotiki ugonjwa huu uliua karibu kila aliyeupata. Leo ni nadra na unatibika. Kijipele cha kawaida hakitakuua. Jipu la puani linalovimba, lenye homa na jicho linalotokeza, lisikandwe wala kutumbuliwa. Lipelekwe kwa daktari.

Damu ya ubongo, kwa jumla, hurudi moyoni kwa vena mbili kubwa za shingo. Ila ukisimama wima vena hizo hunywea, na sehemu kubwa ya damu ikashuka kupitia mtandao wa vena unaozunguka uti wa mgongo. Mwili una njia mbili za kutolea, moja ya kulala na nyingine ya kusimama.

"Ubongo hauna mishipa ya limfu"

Ilikuwa kweli kwa vitabu vyote hadi mwaka 2015, wanasayansi wa Virginia, Marekani, na wenzao wa Helsinki walipoionyesha kwenye tando za ubongo wa panya. Baadaye ikaonekana kwa binadamu pia. Paolo Mascagni wa Italia alikuwa amesema hivyo mwaka 1787, hakusadikiwa.

"Kiharusi ni cha wazee, mtoto akipooza amerogwa"

Uongo, na katika nchi zetu uongo huu una wahanga wengi kwa sababu ya selimundu. Bila kinga, karibu mtoto mmoja kati ya kumi wenye selimundu ya aina kali hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Ateri kubwa za ubongo wao husinyaa taratibu, na damu inapopita kwenye njia iliyosinyaa huenda kasi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Kasi hiyo hupimika kwa mawimbi ya sauti kupitia ule mfupa mwembamba wa karibu na sikio, bila sindano na bila maumivu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Jaribio la Marekani la mwaka 1998 lilionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wa aina hiyo mara kwa mara hupunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90, na sasa dawa ya haidroksiyurea inatumika pia. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu aulizie kipimo hicho kliniki, kwa jina la kipimo cha kasi ya damu ya ubongo, na asikubali kujibiwa kwamba mtoto hana dalili. Kipimo ni cha wasio na dalili.

"Mtu akipata kiharusi, mchome sindano ncha za vidole damu itoke"

Uongo wa hatari. Tone la damu la kidoleni limetoka kwenye kapilari za kidole. Halipunguzi chochote kwenye ateri ya ubongo iliyoziba au kupasuka. Ateri kubwa ikiziba, inakadiriwa ubongo hupoteza seli za fahamu milioni 1.9 kila dakika, na wachoma vidole hutumia dakika nyingi.

Usimpe aspirini pia kabla ya picha. Kiharusi cha kuziba na cha kupasuka hufanana kwa nje, na katika Afrika sehemu ya vile vya kupasuka ni kubwa kuliko Ulaya. Usimnyweshe maji wala uji, anaweza kupaliwa. Mdomo ukienda upande, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakivurugika, mlaze ubavu na tafuta gari la kumpeleka hospitali yenye CT scan, hata kama kuna zahanati ya karibu zaidi. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Tazama saa, na mkifika mwambie daktari ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza.